Tembo wa Bagamoyo, kwa mdomo wa mhusika mwenyewe

Najua video yangu nikichimba ufukweni Bagamoyo mmeshaiona. Yule jamaa yangu hawezi kutunza siri hata nusu saa. Mchanga ulikuwa bado masikioni, tayari kundi zima linaniita "Mjerumani". Tulieni sasa niwasimulie mwenyewe, maana kaongeza chumvi na bahari yote ilikuwa pale pale.

Ditekta, ile mashine ya kunusa vyuma ardhini, si yangu. Ni ya shemeji, mchimbaji mdogo wa Geita, kaja Dar msibani akaiacha sebuleni kwetu. Na mimi tangu utotoni nimelelewa na hadithi za mali aliyoificha Mjerumani ardhini. Msiniambie ni uzushi mtupu: mwaka 1916, Mwingereza kaziba bahari, Wajerumani waligonga sarafu za dhahabu za rupia 15 kwenye karakana ya reli pale Tabora. Upande mmoja una tembo kainua mkonga. Zilitoka kama 16,000. Nikajiuliza, hata moja haikudondoka Bagamoyo? Swali hilo ndilo lililonipandisha daladala.

Mashine ya Geita haiijui bahari. Ikigusa mchanga mbichi wenye chumvi inalia yenyewe kama mtoto anayeachishwa ziwa. Saa mbili nzima: vizibo vya soda, ndoana, misumari ya mtumbwi, kijiko. Wavuvi wanashona nyavu huku wananitazama kwa huruma.

Kisha ikalia wiiiii, moja kwa moja, haikatiki. Nikapiga magoti. Nikachimba kwa sahani ya plastiki (ndiyo, sahani, msinicheke). Watoto wakazunguka shimo. Mvuvi mmoja akaweka sindano yake chini. Mkono ukaingia mpaka kwenye kiwiko, vidole vikagusa kitu baridi, chembamba, kimeganda kutu. Nikakifunika kiganjani nisimwoneshe mtu. Nikakisugua kwenye suruali polepole. Kidole gumba kikapita juu yake: mgongo. Sikio. Mkonga!

"TEMBO!" nikapiga yowe. "TEMBO, JAMANI!"

Kwa nini sikusema "sarafu"? Sijui mpaka leo. Ile ni pwani, wadau. Wazee waliokaa chini ya mti wakanyanyuka na vikombe vyao, maana kwao tembo ni pombe ya mnazi, na anayelitangaza asubuhi ile lazima ni mtu wa heri. Mama wa chapati naye anajua Saadani si mbali na ndovu wa kule hushuka mpaka ufukweni. Akabeba beseni lake akatimua mbio. Wazee wanakuja, mama anakwenda. Wakakutana katikati. Chapati zikalala mchangani.

Katika ule ukimya binti mmoja, labda wa darasa la nne, akaichukua sarafu mkononi mwangu, akaikwangua kwa ukucha.

"Anko, mbona imeandikwa shilingi ishirini?"

Nikaigeuza. Mzee Ruksa ananitazama. Marehemu Mwinyi mwenyewe, mpole kama kawaida yake, na upande wa pili ndovu na mwanawe. Tena ina pembe pembe! Tangu lini rupia ikawa na pembe?

"Na ruksa unayo?" sauti ikauliza nyuma yangu.

Alikuwa baba wa makamo, ofisa wa mambo ya kale. Hakufoka, na afadhali angefoka. Akanieleza mbele ya kadamnasi kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inataka leseni kwa anayechimba kutafuta vitu vya kale, ufukweni humo humo, na kwamba ukiokota kitu kilichotengenezwa na binadamu kabla ya 1863 unatoa taarifa, hukitii mfukoni. Akaichukua ile sarafu, akaitazama kwa makini sana, akanirudishia. "Hii nenda nayo."

Wale wazee walicheka mpaka mmoja akaomba maji.

Nikafukia mashimo yote kumi na saba huku watoto wakihesabu kwa sauti. Nikaomba radhi. Ditekta imerudi sebuleni, shemeji hajui, na atakayemwunganisha kwenye kundi hili tutaonana. Chapati nililipa zote, kasoro shilingi ishirini. Nikamtolea yule mama ile ya Mwinyi.

Akaikataa.