Pauni Moja ya Redio na Kiwanda Kilichojaa Masanduku

Leicester, Uingereza, vuli ya 1946

Anayetaka kuhakikisha kwamba vita vimekwisha asije kuuliza hapa kwetu. Mimi ni fundi wa mashine za kufuma soksi, na tangu 1941, serikali ilipoamuru viwanda vichache vya soksi viendelee na vingine vifungwe ili wafanyakazi waende kuunda silaha, kiwanda chetu kimekuwa bohari. Kukitwaa kulihitaji karatasi moja tu. Hitler amekufa, Wajapani wamesalimu amri, lakini masanduku bado yamepangwa hadi darini, na mashine zetu zimesukumwa ukutani. Nilimwuliza mlinzi yana nini ndani, akanijibu kuwa ni siri ya kijeshi. Nikamwuliza sasa tunamficha nani siri hiyo, akasema hilo nalo hajaambiwa.

Msidhani, hata hivyo, kwamba wakubwa hawajui haraka. Leseni ya redio, ambayo kila mwenye redio hulipia kila mwaka na iliyokuwa shilingi 10 tangu 1922, tulilala ikiwa hiyo hiyo, na kulipopambazuka tarehe 1 Juni mwaka huu ikawa pauni nzima, yaani maradufu, bila sanduku hata moja kusogezwa. Wanasema gharama za utangazaji zimepanda. Naamini, kwa maana kila kitu kimepanda isipokuwa mshahara wangu. Mwenye kutaka televisheni hulipa pauni 2, ingawa picha zenyewe hutoka Alexandra Palace na kuishia London na vitongoji vyake. Mtu wa Leicester akinunua chombo hicho atakuwa amenunua meza ya kuwekea maua, tena kwa bei ya kuliza.

Na kwa pauni hiyo tunasikia nini? Jioni mke wangu hushona matundu ya soksi zangu, kwa kuwa nguo bado hununuliwa kwa kuponi na ufundi wangu haunipi hata jozi moja ya ziada, huku mtangazaji, kwa sauti ya mtu aliyeshiba, akituhimiza tuzalishe zaidi ili nchi iuze ng'ambo. Nizalishie wapi, bwana? Juu ya masanduku? Septemba walifungua maonyesho makubwa London ya bidhaa za Uingereza, watu wakapanga foleni kutazama vitu ambavyo vingi havikuwapo madukani. Mwezi huo huo BBC ikaanzisha idhaa ya tatu, ya muziki mzito na mihadhara. Sina ugomvi na maprofesa. Ila mkate, ambao haukupata kuwekewa mgawo miaka yote ya vita, tangu Julai tunaupata kwa mgawo, na pengo lake tumboni halizibwi na mhadhara.

Tajiri wetu ameiandikia ofisi inayohusika kuomba jengo lake. Amejibiwa kwa adabu kubwa kwamba litaachiliwa mara itakapopatikana nafasi kwingine ya kuhamishia mali hiyo, na kwamba nafasi hiyo itapatikana viwanda vingine vitakapoachiliwa. Nilipomsimulia mke wangu, alishauri kila mwenye leseni ya redio apewe sanduku moja aliweke chini ya kitanda. Leseni zinapita milioni 10, kwa hiyo nafasi ingetosha na kubaki. Ninachohofia ni kwamba kesho yake tungetozwa ada ya kuhifadhi.