Msituite siku ya bonanza tu

Jumamosi iliyopita mdogo wangu, mwenye ulemavu wa akili, alimaliza wa sita katika mbio za watu wanane kwenye bonanza. Nasema wa sita kwa sababu nilihesabu. Waandaaji hawakuhesabu. Medali nane zilikuwa zimepangwa mezani tangu asubuhi, zote zinafanana, na mshereheshaji akawa anatutangazia kwamba leo hakuna aliyeshindwa, leo wote ni mabingwa, hebu tuwapigie makofi jamani. Tukapiga. Mgeni rasmi akamvalisha kila mmoja medali yake huku ameinama kidogo, ule uinamaji wa mtu anayejua kamera iko upande gani, kisha akaondoka kabla hata kamba haijavutwa.

Kwenye gari mdogo wangu akaniuliza, "Dada, mimi wa ngapi?"

Nikamwambia wote mmeshinda.

"Hapana. Wa ngapi?"

Ana miaka 24. Kusoma kunamshinda, chenji inamchanganya, lakini migongo mitano iliyokuwa mbele yake aliiona vizuri sana. Nikamwambia wa sita. Akanyamaza, akatazama dirishani, halafu akasema, "Nilikimbia sana mwanzoni." Maneno matatu, na yana akili ya michezo kuliko yote yaliyomwagwa kwenye kipaza sauti siku ile.

Jumatatu nikampigia kocha wa klabu iliyoandaa. Nikaomba kijana awe anakuja mazoezini na wenzake, siku zile zile wanazokuja wenzake. Akajibu kwa upole wote: "Dada, yule kijana ana moyo kwa kweli. Usijali, tutamwita tena bonanza la mwakani."

Mwakani! Yaani hapo katikati afanye nini? Atunze moyo wake kabatini pamoja na medali?

Kabla hamjaniambia sina shukrani, niseme na haya. Medali ile alilala nayo. Asubuhi alikunywa chai ameivaa, na hadi leo ninavyoandika iko shingoni. Pale uwanjani nilikaa na mama mmoja aliyeniambia hajawahi kumwona mwanawe akikimbia mbele za watu, na alikuwa analia. Zipo familia ambazo bonanza ndilo linalomtoa mtoto chumba cha nyuma. Haya, nimekubali, bonanza lina faida. Lakini bonanza ni sherehe. Michezo ni Jumanne jioni, hakuna kamera, miguu inauma na kocha anakwambia rudia.

Chukueni mita 1,500. Uwanja wa mita 400 unakupa mita 300 kwanza, kisha mizunguko mitatu kamili. Kwangu na kwako hiyo ni hesabu ya kitoto. Kwa mdogo wangu hesabu inayeyuka akifika mzunguko wa pili. Hajui kama amebakiza kidogo au kingi, basi bastola ikilia anatoka kama anafukuza mwizi, kwa sababu wa pembeni yake naye katoka, na akifika kona ya pili amekwisha. Watu wakimwona wanasema hana pumzi. Pumzi anayo! Kilichomshinda ni kugawa mwendo, na kugawa mwendo ni kazi ya kichwa: ukumbuke umetoka wapi, ukisie umebakiza nini, usikilize mwili unasema nini, upange kasi, yote hayo ukiwa unahema. Ndiyo maana siku hizi mwanariadha mwenye ulemavu wa akili anayeomba kushiriki Paralimpiki, yaani Olimpiki ya wenye ulemavu, hapimwi kwa vyeti peke yake. Anapimwa pia jinsi anavyofikiri ndani ya mchezo wenyewe.

Na kugawa mwendo kunafundishika. Nimeona kwa macho yangu. Miaka miwili iliyopita mwalimu mmoja mstaafu, aliyekuwa akifundisha riadha kwa watoto kwa mapenzi yake tu, alikubali kumchukua kila Jumanne. Hakumpa somo refu. Alikimbia naye, yeye mbele nusu hatua, na alikuwa na neno moja: "Nyuma." Yaani kaa nyuma yangu. Wiki tatu nzima neno ni hilo hilo. Baadaye akatundika vitambaa vitatu vya rangi kwenye kona. Kila mzunguko wanang'oa kimoja, na kikibaki chekundu, ruksa, kimbia unavyotaka. Kuhesabu kukatoka kichwani kukaenda kwenye vitambaa. Siku ile ile, saa ile ile, mazoezi yanafuatana vile vile, kuchezesha viungo kwanza, kunyoosha, ndipo kukimbia.

Kuna Jumanne mwalimu alipata dharura, akaja kijana mwingine na utaratibu wake. Akaanza na mbio, akaongeza maelezo, akabadilisha maelezo katikati, akapiga filimbi. Mdogo wangu akakaa chini kwenye majani na hakunyanyuka. Yule kijana akaniambia, kwa siri kabisa, "Unaona dada, hawa hawawezi." Wiki iliyofuata mwalimu akarudi na vitambaa vyake, na asiyeweza akaweza.

Ilichukua miezi minne mpaka akaweza kushika mwendo mizunguko miwili bila kuvutwa. Miezi minne! Sasa nionyesheni bonanza litakalomfundisha mtu jambo hilo kati ya wimbo wa kufungulia na hotuba ya mgeni rasmi. Halafu mwalimu akahamia kwa wanawe, mazoezi yakafa, na Jumamosi iliyopita nikamwona mdogo wangu akitoka tena kama anafukuza mwizi. Tofauti ni kwamba safari hii alijua kosa lake. Hilo ndilo lililoniumiza.

Jibu ninalopewa nikilalamika huwa moja: si wana mashindano yao, ile Special Olympics? Ipo. Ila wanaoitaja wangeitazama kidogo inavyofanya kazi. Eunice Kennedy Shriver alianza mwaka 1962 na kambi nyumbani kwake Maryland, Marekani, watoto wenye ulemavu wa akili wakija kuogelea na kucheza, na mwaka 1968 ndipo yakafanyika mashindano ya kwanza ya kimataifa katika uwanja wa Soldier Field, Chicago, yakiwa na wanamichezo wapatao 1,000 kutoka Marekani na Kanada. Dhamira yao iliyoandikwa ni mazoezi na mashindano mwaka mzima. Mwaka mzima, ndugu zangu. Na kile kiapo chao ambacho washereheshaji wanapenda kukikatia katikati, kinaanza kwa kuomba kushinda. Ujasiri wa kujaribu unakuja baadaye, kama kushinda kumeshindikana.

Wanapanga watu makundi kwa umri, jinsia na uwezo, na mwongozo wao ni kwamba ndani ya kundi moja, tofauti kati ya aliye juu na aliye chini isizidi asilimia 15 hivi. Ukijivuta makusudi kwenye mchujo ili uwekwe na wa polepole kisha uruke fainali, unaweza kuondolewa. Watatu wa mwanzo wanapewa medali. Kuanzia wa nne hadi wa nane wanapewa utepe wa nafasi zao. Wa sita anapewa utepe wa wa sita! Laiti Jumamosi tungempa huo, nisingedanganya kwenye gari.

Wengine watanikumbusha Sydney. Nakumbuka, asanteni. Mwaka 2000 timu ya Hispania ya mpira wa kikapu ya wenye ulemavu wa akili ilichukua dhahabu ya Paralimpiki, kisha mmoja wa wachezaji wake, ambaye kumbe ni mwandishi wa habari, akafichua kwamba kati ya 12, wachezaji 10 hawakuwa na ulemavu wowote. Nakiri, japo sipendi kukiri, kwamba baada ya aibu ile lazima mlangoni kuwe na mtu wa kukagua. Lakini angalieni nani alilipa. Wenye ulemavu wa akili wa dunia nzima walifungiwa nje, Athens 2004 hawapo, Beijing 2008 hawapo, wakarudishwa London 2012 katika michezo mitatu tu: riadha, kuogelea na tenisi ya meza. Wale wawili waliokuwa na ulemavu kweli nao walinyang'anywa medali. Na kiongozi wa shirikisho lililopanga mchezo huo mchafu? Mwaka 2013 mahakama ilimtoza faini ya euro 5,400. Mwanariadha aliyekuwa na miaka 20 mwaka ule wa Sydney, alipofunguliwa mlango tena alikuwa na 32.

Hata Paris 2024, kati ya michezo 22, yao ilikuwa ile ile mitatu. Mkimbiaji ana mita 400 na 1,500. Ukiwa na mbio za mita 100 miguuni, pole. Na ukiwa na hali ya Down, ile ya kuzaliwa na kromosomu moja ya ziada, unawekwa kundi moja na wasio nayo, ingawa mwili wako una mambo yake mengine kabisa. Shirikisho la kimataifa la michezo ya wenye ulemavu wa akili, Virtus, limewatengea wenye hali ya Down kundi lao katika mashindano yake, Paralimpiki bado.

Kwa wale wa "ana moyo": Deepthi Jeevanji wa India, binti mwenye ulemavu wa akili aliyekuwa akidhihakiwa kijijini kwao, alishinda mita 400 kwenye mashindano ya dunia ya riadha ya wenye ulemavu mjini Kobe, Japani, mwaka 2024 kwa sekunde 55.07. Nendeni uwanjani na mioyo yenu mkajaribu.

Nitoke nje ya mada kidogo. Mdogo wangu akiwa mdogo hakuwa anadaka mpira. Ukimrushia unampiga kifuani. Nyumbani, shuleni, kila mtu alisema ni akili, na mimi nilisema hivyo hivyo, sijitoi. Akiwa na miaka 15 mtu mmoja, mmoja tu, akashauri apimwe macho. Alikuwa haoni vizuri! Miaka yote ile mpira ulikuwa unamtokea ghafla kama umetoka hewani. Akavaa miwani, akaanza kudaka. Special Olympics wana mpango wa kuwapima wanamichezo macho, masikio na meno bure tangu 1997, na sasa naelewa kwa nini walihangaika nao. Ukishaandikiwa "akili" kwenye faili, hakuna anayetafuta kingine.

Kuhusu usalama, ndiyo, baadhi ya wenye hali ya Down wana udhaifu kwenye viungo vya shingo na wasipige sarakasi bila daktari kusema. Muulizeni daktari, basi. Msitumie shingo ya mmoja kuwafungia wote geti.

Na umri. Akiwa shuleni angalau kulikuwa na kipindi cha michezo. Siku alipomaliza shule, uwanja nao ulimaliza naye. Wenzake wa rika lake ndiyo kwanza wanaingia miaka yao mizuri ya kukimbia.

Kocha, najua unasoma hapa kwa sababu uliwahi kuniambia. Sikuombi programu maalumu, wala bajeti, wala fulana zenye maandishi. Naomba Jumanne. Naomba mtu mmoja wa kukimbia mbele yake nusu hatua na kusema "Nyuma", na ikiwezekana asibadilishwe kila wiki. Vitambaa ninavyo, nitakuja navyo. Akiwa wa mwisho, mwambieni ni wa mwisho, atauliza tu hata hivyo.

Leo ni Jumanne. Tangu saa nane mchana amevaa viatu amekaa mlangoni, kwa kuwa nilifanya kosa la kumwambia nimeongea na kocha, na yeye Jumanne anaijua. Napiga simu tena sasa hivi. Tafadhali pokea.