MEWAKA ipewe kipindi chake kwenye ratiba

Ni saa tisa alasiri. Wanafunzi wameshatawanyika na mwalimu wa zamu anamalizia kufunga madarasa. Hapo ndipo mwalimu wa taaluma anapochungulia ofisini: "Walimu, leo tuna MEWAKA." Katika shule nyingi za umma hiyo ndiyo saa waliyotengewa walimu kwa ajili ya Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini: saa ya miguu kuuma na tumbo kudai, huku rundo la madaftari likisubiri nyumbani. Kinachofuata walimu wanakijua. Mmoja anasoma moduli, yaani kijitabu cha mafunzo, kwa sauti, karatasi ya mahudhurio inazunguka, picha inapigwa na kutumwa kwenye kundi la WhatsApp la kata, watu wanaondoka.

Mpango wenyewe ni mzuri, na ndiyo maana inauma kuuona ukifanywa hivyo. Kabla yake, mafunzo kazini mara nyingi yalimaanisha semina: wachache wanaitwa wilayani, wanarudi na makabrasha, na waliobaki shuleni hawaambulii kitu. MEWAKA, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), imeleta mafunzo hadi shuleni. Walimu wa shule moja wanakaa katika jumuiya ya kujifunza, shule jirani zinakutana ngazi ya kata, na moduli zipo mtandaoni. Mwalimu wa kijijini kabisa hana tena haja ya kusubiri jina lake lichaguliwe. Kasoro ninazoziona ni mbili: saa inayofanyika, na mahali inapoanzia.

Tuanze na mahali. Mara nyingi kikao kinaanzia kwenye moduli, wakati kilipaswa kuanzia kwenye daftari la mtoto. Chukua darasa la tatu, kutoa kwa kuchukua: 302 − 147. Jibu ni 155. Mtoto mmoja ameandika 245, mwingine 145, wa tatu 105. Mwalimu aliyechoka anaweka kosa, kosa, kosa, kisha anaandika "rudia." Lakini hao watoto watatu hawana tatizo moja. Aliyeandika 245, katika kila safu ametoa tarakimu ndogo kutoka kwenye kubwa, bila kujali ipi iko juu: saba toa mbili, nne toa sufuri, tatu toa moja. Huyu hajajua kabisa kwamba kuna kuchukua. Wengine wawili wanajua, ila wameruka sufuri. Wamechukua moja kutoka kwenye mamia na kuipeleka moja kwa moja kwenye mamoja, wakapata 12 toa 7, tano. Walipofika kwenye makumi wakakuta sufuri toa nne. Mmoja akaandika nne, mwenzake akaandika sufuri. Ukiwaambia wote watatu "chukueni kwa jirani," wa kwanza hataelewa, na hawa wawili wataendelea kufanya lilelile, kwa sababu wao wanaamini wameshachukua.

Hicho ni kikao kizima cha MEWAKA, na kinatosha dakika 40 za kipindi kimoja. Mwalimu wa somo alete madaftari sita tu, mawili ya waliopata na manne ya waliokosa kwa namna tofauti, majina yakiwa yamefunikwa. Dakika kumi za mwanzo kila mwalimu aeleze mtoto alifanya nini, na asiruhusiwe kusema alipaswa kufanya nini. Sharti hilo ni gumu kuliko linavyosikika. Walimu tumezoea kusahihisha kabla ya kutazama. Dakika kumi na tano zinazofuata, wajaribu zana mezani. Vijiti 302 kwa kila kikundi katika darasa la watoto themanini havipatikani, kwa hiyo kata maboksi: kipande kikubwa cha mraba ni mia, kirefu chembamba ni kumi, kidogo ni moja. Mtoto anaweka mamia matatu na mamoja mawili. Anabadilisha mia moja kwa makumi kumi, kisha kumi moja kwa mamoja kumi. Mezani sasa ana mamia mawili, makumi tisa na mamoja kumi na mawili, na lile tisa linalowasumbua watoto kwenye sufuri anaweza kulihesabu kwa kidole. Dakika zinazobaki, waandike pamoja sehemu hiyo ya andalio la somo na kukubaliana nani atafundisha na nani wawili watakaa nyuma kutazama.

Baada ya wiki, wanafunzi wapewe maswali matatu: 405 − 268, 600 − 254 na 713 − 208. La tatu sufuri yake iko chini, na limewekwa makusudi: linamfichua mtoto aliyekariri kwamba "ukiona sufuri andika tisa." Idadi ya waliopata kabla na baada iandikwe kwenye muhtasari wa kikao. Muhtasari wa namna hiyo una maana kuliko picha kumi za walimu waliokaa duara.

Vikao vya hivi huvurugika kwa sababu chache zinazojirudia. Ya kwanza ni mkuu wa shule kugeuza utazamaji kuwa ukaguzi. Akishaingia darasani na daftari la makosa, mwezi unaofuata hakuna atakayeleta madaftari ya waliokosa. Yatakuja ya waliopata tu. Ya pili ni mada kuagizwa kutoka juu, shule zote za kata zijadili kitu kimoja wakati kila moja ina kidonda chake. Sekondari zina shida nyingine, kwamba mwalimu wa Fizikia anaweza kuwa peke yake shuleni, na wenzake wa Kiswahili na Jiografia hawawezi kumsaidia kufundisha umeme. Huyo jumuiya yake halisi iko kwenye kata au kata jirani, na ruhusa ya kwenda huko na nauli yake vipangwe mapema pamoja na matumizi mengine ya taaluma, visiachwe mfukoni mwake.

Sasa saa. Najua jibu la haraka: walimu ni wachache, nani atabaki na watoto? Ni hoja ya kweli. Shule ya walimu sita na madarasa saba haiwezi kuwafungia walimu wote ofisini asubuhi. Lakini haihitaji kuwakusanya wote kwa pamoja. Darasa la kwanza na la pili vipindi vyao ni vya dakika 30 na hutoka mapema, hivyo walimu wao wanaweza kukutana wakati madarasa ya juu yanaendelea. Walimu wa madarasa ya juu wakutane siku ya michezo, wenzao wakiwa uwanjani na watoto, na wiki inayofuata wabadilishane. Makundi mawili ya watu watatu yanafanya kazi vizuri kuliko kundi moja la watu sita wanaosinzia.

Haraka yangu ina sababu. Mtaala ulioboreshwa ulianza Januari 2024, na waliokuwa darasa la tatu mwaka huo watamaliza elimu ya msingi 2027 wakiwa darasa la sita, mwaka uleule ambao darasa la saba la mfumo wa zamani litakuwa linamaliza. Januari 2028 makundi yote mawili yanabisha hodi kidato cha kwanza. Mjadala mwingi unahusu madarasa na madawati, na ni sawa, yanahitajika. Ila mtoto anayefika kidato cha kwanza akiwa na mwaka mmoja pungufu, huku bado anaruka sufuri, dawati jipya halimsaidii.

Kuhusu vishikwambi, maneno machache. Vilivyogawiwa walimu baada ya Sensa ya 2022 vinatosha kabisa kwa moduli na kwa vitabu vya Maktaba Mtandao ya TET. Kinachokwamisha ni bando na mtandao, kwa hiyo pakua unachohitaji siku ukiwa mjini au mahali penye mtandao, usome baadaye bila intaneti. Nywila iandike mahali.

Kuna jambo moja serikalini ambalo naliona limeachwa wazi. Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa Sheria Na. 25 ya 2015, ndiyo inayoshughulikia vyeo vya walimu wa shule za umma. Mwalimu aliyeongoza vikao kumi vyenye matokeo yaliyoandikwa, kazi hiyo ionekane anapopimwa. Hadi hapo itakapowekwa rasmi, tumia mlango uliopo. Unapojaza malengo yako kwenye PEPMIS, mfumo wa kielektroniki wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, mwaka wa fedha unapoanza Julai, usiandike "kuhudhuria MEWAKA." Kuhudhuria hakupimiki zaidi ya kusaini. Andika "kupunguza idadi ya wanafunzi wa darasa la tatu wasioweza kutoa kwa kuchukua," kisha weka idadi ya kuanzia na unayolenga. Mihtasari ya vikao ndiyo ushahidi wako.

Na wanaotaka masomo marefu, iwe Chuo Kikuu Huria au kozi za uongozi na uthibiti ubora pale ADEM, wakala wa serikali wa mafunzo ya uongozi wa elimu ulioko Bagamoyo, msianze na ada. Anza na barua kwa Mkurugenzi wa halmashauri kupitia kwa mkuu wa shule, jina liingie kwenye mpango wa mafunzo, ruhusa itoke kwa maandishi, na nakala yenye muhuri wa masijala ibaki kwako. Mwalimu wa stashahada aliye ngazi ya mshahara ya TGTS C anasoma miaka mitatu akitegemea kuingia D, ngazi ya wenye shahada, kumbe hakuwa na ruhusa, na cheti chake kinakuwa mzigo wa kuzungusha ofisi hadi ofisi. Hata mwenye ruhusa hubadilishiwa muundo, yaani kuhamishiwa ngazi ya elimu yake mpya, pale ikama (idadi ya watumishi iliyoidhinishwa) na bajeti ya mishahara vinaporuhusu, kwa hiyo fuatilia bajeti ikiwa inaandaliwa, kwa sababu ikishapitishwa itakubidi usubiri mwaka mwingine. Hakikisha pia shahada unayosoma ni ya ualimu au inatambulika katika kada ya ualimu.

Ratiba ya mwaka mpya huchorwa na mwalimu wa taaluma shule zikiwa zimefungwa, na kawaida huanza na Hisabati na Kiingereza, vipindi vya asubuhi vinavyogombewa. Mwaka huu achore kwanza visanduku viwili vya MEWAKA, kimoja cha madarasa ya chini na kimoja cha juu, kwa kalamu ya wino, kabla ya somo lolote. Kisha abandike nakala mlangoni mwa ofisi ya walimu na ampelekee nyingine Afisa Elimu Kata, ili siku ya kikao asiitishe mkutano mwingine.