Ndugu zetu hatuwezi kuwapuuza

Makala yenu inamshauri kijana anayependa watu wa jinsia yake aiambie familia ukweli bila kujali ndugu watasema nini. Nia ni njema, lakini kwetu Ngamiani, Tanga, ushauri huo haukai. Bibi yupo chumba cha mbele, shangazi upande wa uani, na mjomba ndiye atakayesimamia posa. Futari tunakula sinia moja. Kijana anayejali kauli ya shangazi yake si mwoga. Shangazi huyo ndiye aliyemlea, na akimkosa yeye amekosa nyumba nzima.

Halafu sheria mmeiruka kabisa. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinaadhibu tendo la ngono kinyume cha maumbile kwa kifungo kisichopungua miaka 30, hadi maisha, na neno likishafika barazani halirudi ndani. Kijana asiharakishwe na mtu. Aanze na ndugu mmoja anayetunza siri, tena awe na pa kulala mambo yakiharibika.

Wazazi wenzangu, nawaomba sana. Utafiti wa Caitlin Ryan wa San Francisco, uliochapishwa 2009, ulionyesha vijana waliokataliwa vikali na familia walikuwa na uwezekano zaidi ya mara 8 wa kuwa wamewahi kujaribu kujiua kuliko wasiokataliwa hivyo. Ni Marekani, ndiyo, lakini mtoto ni mtoto. Akikwambia, usimfukuze usiku huo. Mwache alale, asubuhi mwite yule mjomba ambaye nyote wawili mnamsikiliza.