Simba Mtu Anastahili Kamusi Yake

Vijitabu vya tafsiri za ndoto vinauzika sana. Pita stendi ya Masasi au ya Mtwara mjini, utavikuta vimepangwa chini pamoja na vitabu vya dua na vya mapishi. Ukiota nyoka una adui, ukiota jino limeng'oka jiandae kwa msiba. Nani kasema? Wapi? Tangu lini? Kimya. Hata vipangwe kwa alfabeti, hivyo si vitabu vya rejea. Ninachokitaka mimi ni kamusi ya imani na miiko ya watu wa Kusini, itakayosema kwamba jambo fulani lilielezwa Newala, mwaka fulani, na mama wa makamo, na sababu aliyoitoa ni hii. Kisha inyamaze.

Nikilitoa wazo hilo kijiweni, jibu la kwanza huwa: "Kwa hiyo unataka kutufundishia watoto ushirikina?" Jamani, watoto hawasubiri kitabu. Mtoto wa Chuno au Majengo, hapa Mtwara mjini, hajaanza hata darasa la kwanza anajua kwamba usiku nyumba haifagiliwi, chumvi haiazimwi, mluzi haupigwi, na bundi akitua juu ya paa watu wazima huacha kuongea. Imani zipo tele. Tulichokosa ni kumbukumbu yake.

Chukua habari za simba. Watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2005 walihesabu watu zaidi ya 563 waliouawa na simba nchini Tanzania tangu 1990, na wengine wasiopungua 308 waliojeruhiwa. Lindi, Mtwara na Rufiji ndizo zilizoumia sana. Maelezo yao hayana uchawi ndani yake. Swala na wanyama wengine wa porini wamepungua, wamebaki nguruwe pori. Nguruwe pori huingia mashambani wakati mazao yamekomaa. Mkulima naye hulala kwenye dungu kulinda mahindi yake. Simba anayemfuata nguruwe anamkuta mtu. Basi. Lakini muulize mzee aliyemzika mwanawe kama huyo alikuwa simba wa kawaida. Atakwambia kuna simba wa porini na kuna simba mtu, aliyetengenezwa na kutumwa kwa mtu maalumu, na huyu wa pili hauawi kwa bunduki hivi hivi.

Sasa mweke hapo askari wa wanyamapori kijana, katoka chuoni, kwao Mara au Kilimanjaro. Anafika kijijini na bunduki yake, anaona watu wanasitasita kumwonyesha nyayo. Atasema ni wajinga, au wanaficha jangili. Hajui kwamba mazungumzo yaliyotangulia usiku ule hayakuwa juu ya simba hata kidogo, yalikuwa juu ya jirani. Nani aligombana na nani, mpaka wa shamba uko wapi, nani alikataa kutoa mchango wa msiba. Hapo ndipo mtu asiye na hatia anapopata matatizo, hasa akiwa mzee na hana watoto wa kumtetea. Kurasa mbili za kitabu kizuri zingemwonyesha askari yule kwamba kazi iliyo mbele yake ni mbili, na ya simba ndiyo nyepesi.

Mfano wa ukurasa wa namna hiyo tunao, tena ulifichwa mahali ambapo hukutarajia. Kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza ya Frederick Johnson, ya mwaka 1939, ilipofika kwenye neno mumiani haikuishia kusema ni dawa nyeusi kama gundi. Iliongeza kwamba wenyeji wengi wanaamini ni damu ya watu waliouawa, na kwamba uvumi ukianza, watu wa mjini huogopa kutoka nje jua likishazama. Mistari michache tu. Lakini kwa mistari hiyo tunajua kwamba hofu ile ilikuwepo zaidi ya miaka themanini iliyopita, na ilikuwa na tabia ya kuja na kuondoka. Mwaka 2017 uvumi wa wanyonya damu ulipozuka kusini mwa Malawi, watu waliuawa na makundi yenye hasira, na Umoja wa Mataifa ukawaondoa watumishi wake Mulanje na Phalombe. Wayao wa kule na Wayao wa Masasi na Tunduru ni ndugu. Uvumi hauombi pasi mpakani.

Tarehe, tarehe, tarehe. Wenzetu Waingereza waliligundua hilo. Iona Opie na Moira Tatem walipotoa kamusi yao ya ushirikina mwaka 1989, waliweka chini ya kila imani maneno ya watu walioiandika, na mwaka wake, kuanzia wa zamani kuja wa sasa. Naye Steve Roud, mwaka 2003, akaonyesha kwamba hofu ya Ijumaa ya tarehe 13, ambayo kila mtu huiita ya kale, haionekani popote kwenye maandishi ya Uingereza kabla ya karne ya 19. Ningependa sana kufanya hesabu hiyo kwa chuma ulete, yule anayesemwa kuiba pesa kwa uchawi. Kila mwenye duka anaijua: unauza kutwa, jioni droo haina kitu. Wengine wanaapa ni mambo ya mababu. Kweli? Mababu waliokuwa wakibadilishana chumvi na majembe? Na siku hizi, msimu wa korosho ukifika na pesa zikaanza kuingia kwenye simu, nasikia mabishano kama chuma ulete anaweza kufika hadi huko. Imani inakua mbele ya macho yetu na hakuna anayeandika.

Waliotuandika zamani walikuwa wageni zaidi. Karl Weule, mtafiti Mjerumani, alitua Lindi mwaka 1906, moshi wa Majimaji bado haujatulia, akapanda hadi Newala na mashine yake ya kurekodi sauti na kamera ya sinema. Vitu alivyokusanya viko Leipzig. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alieleza desturi za Waswahili kwa Kiswahili, kitabu kikachapishwa Ujerumani mwaka 1903. Ni hazina, ila ni ya Mrima, ile pwani inayotazamana na Unguja, sisi kinatugusa nusu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wanafunzi wa chuo kikuu kule Dar es Salaam walizunguka kuwahoji wazee waliokumbuka vita vya Majimaji. Waliwahi. Miaka ishirini baadaye wangekuta makaburi.

Kuna jambo moja ambalo nadhani kamusi hiyo isiliguse, au iligusie kwa juu tu. Mambo ya jandoni na unyagoni, na nani yumo ndani ya midimu, wale wachezaji wa vinyago, inapocheza, yana wenyewe. Weule aliyapiga picha bila kujali sana. Mimi ningeandika: "Hili lina miiko yake, waulize waliopitia." Msomi atalalamika kwamba kitabu kina pengo. Na liwepo.

Mengine yote yaingie, pamoja na yale yanayoonekana madogo. Mwajuma mjamzito anaambiwa asile mayai, muuguzi kule zahanati anamsisitizia ale. Pengine hakuna kati yao anayemwambia mwenzake sababu aliyofundishwa. Vyuo vya Mtwara vina wanafunzi wanaorudi vijijini kila likizo, na simu za kurekodi wanazo mifukoni. Wapewe fomu yenye nafasi tano: imani yenyewe, kijiji, mwaka, umri wa msemaji, na sababu kwa maneno yake mwenyewe. Jina la msemaji lisiwekwe, na la jirani anayetuhumiwa lisiwekwe kabisa. Nawashauri waende kabla ya mvua za Desemba, kwa sababu zikishaanza wazee wote wako shamba.