Neno Moja, Maana Tatu: Kwa Nini Mifumo ya Ugavi Inahitaji Ontolojia ya Pamoja

Wanaopinga ontolojia za pamoja (maelezo ya maana za maneno yanayosomeka na kompyuta) katika minyororo ya ugavi wana hoja inayosikika: mifumo tayari inapeana data. Umoja wa Mataifa ulileta EDIFACT, kanuni za kutumiana nyaraka za biashara kwa kompyuta, mwaka 1987; leo kuna JSON (umbo la kuandika data) na API (njia ya programu kuwasiliana), na ujumbe unafika. Ya nini basi kuongeza tabaka jingine?

Ujumbe unafika, ndiyo. Kinachopotea njiani ni maana. Chukua "tarehe ya kufikisha mzigo". Kwenye jukwaa la muuzaji, hiyo ni siku aliyomwahidi mteja. Kwa msafirishaji, ni siku lori lilipoingia getini. Kwa ghala, ni siku mzigo ulipohesabiwa na kukubaliwa. Ziunganishe programu hizo tatu uone: hakuna skrini itakayoonyesha hitilafu. Tarehe itasomeka, ripoti itatoka, na msafirishaji aliyefika kwa wakati atatozwa faini ya ucheleweshaji. Mfumo ukikatika, watu huamka kuutengeneza. Kosa hili linaweza kukaa miezi bila kujulikana.

Ontolojia huieleza kompyuta kwamba kuahidi, kufika na kupokelewa ni mambo matatu, na kwamba mzigo hauwezi kupokelewa kabla haujafika. Wengi hudhani kwa hiyo kila kampuni itupe mfumo wake. La hasha. Kila mmoja hubaki na majina yake ya ndani, akaoanisha tu maana zake na msamiati wa pamoja, mara moja.

Hiyo "mara moja" ndiyo inayonivutia zaidi. Majukwaa 20 yakiunganishwa mawili mawili yanahitaji viunganishi 190. Kwa msamiati wa pamoja, ni 20. Akija wa 21, njia ya kwanza inamdai viunganishi 20 vipya. Ya pili inamdai kimoja. Mfanyabiashara mkubwa anaweza kuajiri wahandisi wa kazi hiyo. Mdogo hawezi, na hubaki nje ya soko kwa sababu ya gharama ya kuunganishwa, hata kama bidhaa yake ni nzuri.

Wakosoaji wako sahihi mahali pawili. Ontolojia inayotaka kueleza kila kitu huchelewa kwenye kamati na huzeeka kabla ya kutumika. Tena, mtu akioanisha vibaya, kosa lake huwafikia wote. Ndiyo maana napendelea zilizo finyu. EPCIS, kiwango cha kushirikiana taarifa za safari ya bidhaa kutoka GS1, shirika la viwango vya misimbo ya bidhaa, kilitoka 2007 na kujikita katika matukio: nini, wapi, lini, kwa nini. Toleo la 2.0 la mwaka 2022 liliongeza data za vihisi, kama joto la shehena, pamoja na umbo la JSON-LD linalobeba maana hizo kwa kompyuta.

Kinachobaki kigumu ni mamlaka: nani anaruhusiwa kubadili maana ya "kupokelewa", na mshirika mdogo anapewa muda gani kurekebisha upande wake. Hayo yaandikwe kwenye mkataba kabla mfumo wa kwanza haujaunganishwa.