Nani kasema binadamu habadiliki?

Kila mjadala wa mazingira ukikolea, hutokea mtu akaufunga kwa maneno machache: binadamu ni mchoyo, habadiliki. Anayeyasema huonekana mtu mzima aliyeona mengi. Anayeyapinga huonekana mtoto. Kwa maoni yangu, maneno hayo yameaminiwa kuliko yanavyostahili.

Tazama nyuma ya friji, pale kwenye kompresa, kwenye kibandiko ambacho fundi hukisoma kabla ya kujaza gesi. Friji iliyotengenezwa miaka ya sabini, kwa kawaida, imeandikwa R-12, jina la gesi inayopoza. Zilizokuja baadaye zikawa na R-134a. Nyingi za siku hizi ni R-600a. Mwenye friji hakuombwa awe mwema. Maziwa yake yaligandishwa na kupozwa vilevile, na huenda hata hakujua kwamba gesi imebadilishwa.

R-12 ni mojawapo ya klorofluorokaboni. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walionya kwamba gesi hizo zikipanda juu kabisa angani huvunjwa na mionzi ya jua, zikaachia klorini inayokula tabaka la ozoni, linalotukinga na mionzi mikali ya jua. Viwanda vilibisha. Mwaka 1985 wanasayansi wa Uingereza wakaonyesha kwamba juu ya Antaktika tabaka hilo lilikuwa tayari linatoboka. Septemba 1987 Itifaki ya Montreal, mkataba wa kimataifa wa kuzidhibiti gesi hizo, ikasainiwa, na leo imeridhiwa na kila nchi mwanachama wa Umoja wa Mataifa. Takriban asilimia 99 ya kemikali ilizozilenga zimeondolewa.

Lakini mwaka ninaourudia kila mara kichwani ni 2066. Kwa makadirio ya tathmini ya kisayansi ya 2022, huo ndio mwaka ambao ozoni juu ya Antaktika inatazamiwa kurudi ilivyokuwa mwaka 1980, iwapo nchi zitaendelea kushika sheria. Piga hesabu. Kutoka 1987 hadi 2066 ni miaka 79. Mjumbe aliyesaini akiwa na umri wa miaka 50 angekuwa na miaka 129. Mtoto aliyezaliwa siku ileile atakuwa babu au bibi wa miaka 79. Waliosaini hawakuijua tarehe hiyo, lakini walijua kwamba R-12 hudumu angani takriban karne nzima, kwa hiyo walijua kwamba wao wenyewe hawatauona mwisho wa kazi yao. Wakasaini. Tunaambiwa kila siku kwamba mtu hawezi kujinyima kwa ajili ya wasiozaliwa. Basi hawa walikuwa wanafanya nini?

Wenye shaka wana jibu, na si jibu dogo. Watasema ozoni ilikuwa kazi rahisi: kemikali chache, viwanda vichache, na kampuni kubwa za kemikali kama DuPont zilikuja kuunga mkono zilipoona kwamba mbadala nao utauzika. Kaboni, inayoipasha dunia joto, haiko mahali pamoja kama gesi ya friji. Iko kwenye saruji, mbolea, meli, umeme, nauli. Kipimo kilichoanza kwenye mlima Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958 kilikuta kaboni dioksidi ikiwa kama sehemu 315 kwa kila milioni ya hewa. Sasa imepita 420, na mchoro wake haukuinama kwa mkutano wowote. Mwaka 2020, watu walipofungiwa majumbani na ndege zikatua, utoaji wa kaboni ulishuka kwa asilimia chache tu, na mwaka uliofuata ukapanda tena.

Nakubali takwimu hizo zote. Ila hiyo ya 2020, ukiitazama vizuri, inasema jambo tofauti na wanalolidai. Watu walijinyima safari, kazi, hata kuzikana, na bado kaboni haikupungua sana, kwa sababu mitambo ya umeme ilikuwa ileile. Kinachopaswa kubadilika ni mitambo, na mitambo hubadilishwa kwa sheria na fedha. Bei ya umeme wa jua ilishuka kwa takriban asilimia 85 kati ya 2010 na 2020, na hakuna aliyehitaji kuuacha uchoyo wake ili ishuke.

Kuhusu DuPont, ni kweli, faida iliwavuta. Sioni aibu hapo. Mkataba uliotegemea malaika usingedumu hata mwaka.

Sehemu ya Montreal isiyosimuliwa vya kutosha ni mfuko. Nchi zinazoendelea zilipewa muda wa ziada wa miaka kumi, na kuanzia 1990 ukawekwa mfuko wa nchi tajiri kuzilipia gharama za kubadili viwanda. Kwenye tabianchi, nchi tajiri ziliahidi mwaka 2009 kwamba kufikia 2020 zitatoa dola bilioni 100 kila mwaka. Kwa hesabu za OECD, yaani hesabu za nchi tajiri zenyewe, kiwango hicho kilifikiwa kwa mara ya kwanza mwaka 2022, na sehemu kubwa ilikuwa mikopo. Mwenye kutafuta kilichokwama aanzie hapo, kwenye daftari la malipo, kabla ya kuusingizia moyo wa binadamu.